Mkate wa shilingi: mageuzi ya Misri na jirani zake yanayoanzia kwenye sahani ya maskini

Mleta uzi

Wakuu, habari za muda huu.

Kila zikitajwa siasa za nchi za Kiarabu humu jukwaani, mjadala unaishia kwenye mambo mawili: dini na mafuta. Mimi naomba tuzungumze habari ya mkate. Watu waliojaa uwanja wa Tahrir, Cairo, kuanzia Januari 25, 2011 wakimtaka Rais Hosni Mubarak aondoke walikuwa na wito wa maneno machache, na sisi Waswahili tunayasikia kwa sikio letu wenyewe bila mkalimani: *Aish, hurriya, adala ijtimaiya.*

Yasome tena taratibu. Hurriya ni uhuru. Adala ni uadilifu. Ijtimaiya ni ya jamii. Na aish? Waarabu wengi mkate wanauita khubzi. Wamisri wanauita aish, mzizi ule ule tuliouchukua sisi tukapata kuishi na maisha. Mmisri akidai mkate anadai maisha, na hana haja ya kufafanua, kwa sababu neno ni hilo moja.

Nilikaa Cairo kuanzia 2008 hadi 2012 nikisoma, kama vijana wengi wa pwani yetu wanaokwenda Azhar. Mtaa niliokuwa naishi, upande wa Abbasiya, ulikuwa na tanuri la mkate wa ruzuku lenye dirisha la nondo linalotazama barabarani. Foleni zilikuwa mbili, ya wanaume na ya wanawake. Mkate unatoka umevimba kama puto, moto wa kuunguza vidole, na ukiurundika hivyo hivyo unalowa. Kwa hiyo watu walikuwa wanautandaza juu ya boneti la gari lolote lililoegeshwa karibu, wanaupepea, halafu ndiyo wanaupanga. Mwenye gari akija anasubiri. Sikuwahi kumwona hata mmoja akigomba.

Bei ilikuwa piasta 5 (pauni moja ya Misri ni piasta 100). Na piasta 5 Wamisri wanaiita *shilin*. Naam, ni shilingi hiyo hiyo, waliyoirithi kwa Waingereza kama sisi. Mikate 20 kwa pauni moja. Ghorofa ya chini ya jengo letu alikaa mama mmoja mjane mwenye watoto wanne, na mimi nilikuwa namshikia nafasi kwenye foleni asubuhi kabla ya darasa. Siku moja muuzaji alimpunguzia mikate mitano, akisema unga umekwisha. Yule mama hakupiga kelele. Alishika nondo za dirisha kwa mikono miwili akasema, "Da haqqi." Hii ni haki yangu. Alisimama pale mpaka akapewa.

Neno lile limekaa kichwani mwangu miaka yote hii. Hakusema naomba, wala hakusema nina njaa. Alisema haki. Uzi huu nauleta kwa sababu nadhani ndani ya neno lile kuna jambo ambalo wanaoandika mipango ya mageuzi ya uchumi wa Misri hawajalisikia, tangu 1977 mpaka leo.

Mleta uzi (naendelea)

Tuanze na historia, ila nitaipitia haraka.

Baada ya mapinduzi ya 1952 serikali ya Gamal Abdel Nasser iliwapa Wamisri vitu vingi kwa mkupuo: ardhi kwa wakulima wadogo, elimu ya bure, ajira serikalini kwa kila aliyehitimu, kodi za nyumba zilizofungwa zisipande, na chakula cha bei nafuu. Wakati huo huo vyama vya siasa vilivunjwa 1953, magazeti yakataifishwa 1960, vyama vya wafanyakazi vikawekwa chini ya mkono wa dola. Hakuna aliyeandika mkataba, lakini kila mtu aliujua: serikali itakulisha na kukupa kazi, wewe siasa tuachie sisi.

Anwar Sadat alipofungua milango kwa mitaji ya nje mwaka 1974, fedha za kulipia upande wake wa mkataba zilikuwa zimeanza kupungua. Januari 17, 1977, ikisukumwa na Shirika la Fedha la Kimataifa, serikali yake ilitangaza kupunguza ruzuku za vyakula na bidhaa nyingine za lazima. Tarehe 18 na 19 nchi iliwaka kutoka Aswan hadi Alexandria. Jeshi likatoka barabarani, watu kiasi cha 80 wakafa, na bei zikarudishwa haraka. Sadat aliziita siku zile intifadha ya wezi.

Hosni Mubarak, aliyemfuata mwaka 1981, somo alilolipata ni moja tu: bei usiipandishe kwa kishindo. Katika miaka ya 1980 aliipandisha kidogo kidogo mpaka ikafika shilingi, kisha hakuigusa tena. Alitawala karibu miaka 30 chini ya sheria ya hali ya hatari na mkate ukabaki shilingi yake. Ila mkate uliochafuka, wenye mchanga, ulioungua upande mmoja, huo tuliula. Na mwaka 2008, bei ya ngano ilipopanda duniani, foleni zikawa ndefu kiasi kwamba watu kadhaa walifia humo, na Mubarak akaliamuru jeshi lioke mkate. Nilipofika Cairo mwaka ule, habari hiyo ndiyo iliyokuwa midomoni mwa kila dereva wa teksi.

Miaka mitatu baadaye nikaona yaliyobaki. Usiku wa kuamkia Januari 28, 2011 intaneti na simu zilikatwa. Polisi walitoweka mitaani. Vijana wa mtaa walisimama kwenye vizuizi na marungu kulinda nyumba, nasi wanafunzi wageni tukasimama nao kwa zamu. Tanuri halikufungwa hata siku moja. Februari 11 Mubarak akaondoka.

Najua kilichofuata wengi mnakijua: Mohamed Morsi akachaguliwa Juni 2012, akaondolewa na jeshi Julai 3, 2013, na Agosti 14 mwaka huo mamia ya wafuasi wake wakauawa kwenye uwanja wa Rabaa al-Adawiya, siku ambayo mpaka leo hakuna ofisa aliyehukumiwa kwayo. Hurriya ikafungiwa hapo. Ikabaki aish.

Mchangiaji: Mtoto wa Kariakoo

Mkuu, umeandika kwa uchungu na nakuelewa. Lakini tuwekane sawa. Nchi yenye watu zaidi ya milioni 100 imeuza mkate miaka na miaka kwa bei ya miaka ya 1980. Hiyo ni biashara gani? Ruzuku inaliwa na wajanja. Mimi ningekuwa waziri wa fedha ningeifuta asubuhi na mapema.

Mleta uzi

Asante mkuu kwa hoja, na sehemu yake kubwa nakubaliana nayo. Unga wa ruzuku uliuzwa kwa magendo, hilo niliwahi kuliona kwa macho: magunia yanatoka mlango wa nyuma usiku. Kuna waliolisha kuku na mifugo mkate huo kwa sababu ulikuwa rahisi kuliko pumba. Mwaka 2014 serikali ilileta kadi za kielektroniki, mikate mitano kwa mtu kwa siku, na fedha zikawa zinamfuata mlaji badala ya gunia. Hayo yalikuwa mageuzi ya kweli, na yaliokoa unga mwingi. Mwaka 2017, wizara ilipopunguza mgawo wa wasiokuwa na kadi hizo, akina mama wa Alexandria na miji mingine walifunga barabara, na ndani ya siku moja mbili serikali ikarudi nyuma.

Ninachobishia ni mpangilio wa nani analipa kwanza. Naomba univumilie niutandaze.

Novemba 2016 serikali iliiachia pauni ielee, yaani thamani yake iamuliwe na soko, ikapata mkopo wa dola bilioni 12 wa Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola iliyokuwa pauni 8.8 ikakaribia 18 ndani ya wiki chache. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vikaja, na Misri ni mmoja wa wanunuzi wakubwa kabisa wa ngano duniani, sehemu kubwa ikitoka Urusi na Ukraine. Pauni ikashushwa mara mbili, ikashushwa tena mwanzoni mwa 2023, na Machi 6, 2024 ikaachiwa kutoka 31 hadi karibu 50. Mfumuko wa bei ulifika asilimia 38 Septemba 2023. Agosti 2020 mkate ulipunguzwa uzito kutoka gramu 110 hadi 90, bei ikabaki ile ile. Halafu Juni 1, 2024 ikaguswa na bei yenyewe, kwa mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka 30: kutoka piasta 5 hadi 20.

Waziri mkuu alieleza kwamba kuuoka mkate mmoja kunaigharimu serikali piasta 125. Sina sababu ya kumbishia. Hata kwa piasta 20 serikali bado inabeba mzigo mkubwa, na mtu wa nje akisikia bei hiyo anaona ni bure.

Lakini sasa tazama kilichokuwa kinaendelea upande wa pili katika miaka hiyo hiyo. Machi 2015 ulitangazwa mji mkuu mpya jangwani mashariki ya Cairo, makadirio dola bilioni 45, na leo una mnara ulio miongoni mwa majengo marefu zaidi Afrika. Kampuni za jeshi zinazouza petroli, maji ya chupa, saruji, tambi na samaki ziliendelea kufanya biashara zikiwa na misamaha ya kodi ambayo mfanyabiashara wa kawaida hana. Kampuni mbili kati ya hizo, ya vituo vya mafuta na ya maji, zilitajwa kwamba zitauzwa kwa umma tangu mwisho wa 2020, na mwaka baada ya mwaka tarehe ikasogezwa. Deni limekua mpaka riba peke yake, katika bajeti ya 2024/25, inachukua karibu nusu ya matumizi ya serikali. Riba! Hapo mtaji wenyewe haujarudi.

Ukiwa waziri wa fedha, mkuu, utakuta mezani kwako mambo haya yote. Kampuni za majenerali, minara, riba, na mkate. Katika hayo manne ni moja tu ambalo mwenyewe hana namba ya simu ya kukupigia. Ndiyo maana linaanza lile.

Na hapo ndipo hurriya inaporudi kwenye hesabu. Bunge lenye meno lingeuliza mnara unalipiwa na nani. Gazeti huru lingechapisha. Chama cha wafanyakazi kingegoma. Katiba ilirekebishwa 2019 ili Rais Abdel Fattah el-Sisi, jenerali aliyeongoza jeshi lililomwondoa Morsi, aweze kukaa hadi 2030, na Desemba 2023 akashinda kwa asilimia 89.6. Serikali isiyoulizwa haina haja ya kupanga mageuzi kwa haki. Inayapanga kwa wepesi.

Mchangiaji: Dada wa Seeb

Asalaam alaykum kaka. Nimecheka peke yangu kusoma habari ya aish, maana huku kwetu Oman na Ghuba ukisema aish mtu anakuletea wali. Kila mmoja maisha yake yako kwenye sufuria yake.

Mie nimezaliwa huku, wazee wangu walitoka Unguja wakaja miaka ya sabini Sultan Qaboos alipowaita watu waliosoma warudi kujenga nchi. Naomba nitie neno, maana watu wanadhani Ghuba hakuna shida. Februari 2011 vijana wa Sohar walikaa kwenye kipita shoto cha Kura Ardhiya siku kwa siku wakidai kazi na kutaka mawaziri wala rushwa waondolewe. Sultan akabadilisha mawaziri, akaahidi ajira 50,000 na riali 150 kwa mwezi kwa wanaotafuta kazi, na Oktoba Majlis Shura, baraza letu la kuchaguliwa, ikaongezewa madaraka ya kutunga sheria. Mafuta yalipoporomoka 2014 tukaanza kuona ruzuku ya petroli inaondoka. Sultan Haitham akashika Januari 2020 hazina ikiwa hoi, Aprili 2021 tukaanza kulipa VAT asilimia 5, na Mei vijana wakatoka tena, Sohar ile ile.

Haki isemwe, deni la nchi limeshuka sana toka hapo, na 2023 ikaja sheria ya hifadhi ya jamii: wazee wanapata, watoto wanapata. Mwaka 2025 ikatoka sheria ya kodi ya mapato, ya kwanza Ghuba nzima, asilimia 5 kwa anayepata zaidi ya riali 42,000 kwa mwaka, itaanza 2028. Walianza na wenye nacho. Hilo mie nalipenda. Lakini vyama vya siasa hatuna, na mawaziri hatuwachagui. Baba yangu alikuwa akisema zamani hatukulipa kitu basi hatukuuliza kitu. Sasa tunalipa.

Mleta uzi

Wa alaykum salaam dada yangu. Asante sana, umenifundisha. Hilo la kuanza na mwenye riali 42,000 ndilo ninalolizungumzia. Nchi mbili, tundu moja la bajeti, na mkono umeingia mifuko tofauti. Ni kweli Oman ina watu wachache na ina mafuta, Misri haina nafasi hiyo. Lakini kuchagua nani aanze kulipa hakuhitaji kisima cha mafuta.

Na maneno ya mzee wako yana ushahidi Jordan. Aprili 1989 serikali ilipandisha bei ya mafuta kwa masharti ya mkopo, na watu wa Ma'an, mji wa kusini uliojulikana kwa utiifu wake kwa ufalme, wakaandamana. Mfalme Hussein akamwondoa waziri mkuu na Novemba mwaka huo huo ukafanyika uchaguzi wa bunge, wa kwanza wa nchi nzima tangu 1967. Watu waliambiwa: tunawaomba mlipe, njooni basi mseme. Mlango ule haukubaki wazi kwa upana ule, na bei ya mkate ilipopandishwa 1996 Karak nayo ikawaka, lakini ulikuwa umefunguliwa.

Mchangiaji: Mwalimu wa Likoni

Ndugu mleta uzi, nadharia yako ina tundu. Tunisia ilipata hurriya. Katiba nzuri, chaguzi za kweli, hata Tuzo ya Nobel ya Amani 2015 ilienda huko. Mbona imeanguka?

Mleta uzi

Mwalimu, hili swali limeninyima usingizi, na nitakujibu jinsi ninavyoliona.

Mohamed Bouazizi alijichoma moto Sidi Bouzid Desemba 17, 2010 baada ya kunyang'anywa bidhaa zake za mkokoteni. Alikuwa anauza matunda na mboga. Rais Ben Ali akakimbia nchi Januari 14, 2011. Miaka kumi iliyofuata Watunisia walipiga kura, wakaandika, wakasema walichotaka. Serikali zikabadilika karibu kila mwaka. Lakini mikoa ya ndani, Sidi Bouzid, Kasserine, Gafsa, ikabaki vilevile: vijana wenye shahada wamekaa mikahawani, fedha na viwanda viko pwani. Vibali vya biashara na mikopo vikabaki mikononi mwa familia zile zile. Kila serikali iliogopa kuzigusa, ikakopa ilipe mishahara, ikampisha inayofuata. Rais Kais Saied aliposimamisha bunge Julai 25, 2021, watu walitoka usiku ule wakipiga honi kwa furaha. Niliitazama video ile mara nyingi. Walikuwa wanasherehekea kufungwa kwa bunge walilolimwagia damu kulipata.

Siwalaumu. Walipewa hurriya, wakanyimwa aish, na hiyo adala ya mwisho haikufika kabisa. Miaka miwili baadaye, 2023, wakawa kwenye foleni ya mkate, na sasa wanaoikosoa serikali wanafungwa. Kwa hiyo mwalimu, sijasema kura zinaoka mkate. Nasema waliouimba wito ule Tahrir waliweka maneno matatu wakijua kwa nini, na kila mtawala amekuwa akichukua moja na kuacha mawili.

Sudan nayo msiisahau. Desemba 19, 2018 pale Atbara, mji wa reli, mkate ulipanda kutoka pauni 1 hadi 3, na Aprili 11, 2019 Omar al-Bashir aliyetawala miaka 30 akawa ameondolewa. Majenerali wakabaki na migodi ya dhahabu na kampuni zao. Tangu Aprili 15, 2023 wanapigana wao kwa wao, na watu wa Sudan sasa hawana tanuri la kupangia foleni.

Mchangiaji: Mtoto wa Kariakoo

Nimekuelewa mkuu, na kwenye mpangilio nimekubali. Swali la mwisho: nasikia Misri wanataka waache mkate, wawape watu fedha taslimu badala yake. Si ndiyo suluhisho? Maskini anapata, mwenye kuku hapati.

Mleta uzi

Ni kweli, serikali imekuwa ikilizungumza hilo tangu 2024, na kwenye makaratasi lina mantiki. Nchi yenye bei zilizotulia ningeliunga mkono.

Yule mama wa ghorofa ya chini bado tunaongea. Watoto wake wamekua, wawili wako Saudia, yeye bado yuko kwenye jengo lile na bado anakwenda dirishani na kadi yake. Nilimpigia wiki iliyopita nikamuuliza habari hiyo ya fedha taslimu. Alikaa kimya kidogo, nikawa nasikia kelele za mtaa nyuma yake. Kisha akanipigia hesabu: mikate 20 ilikuwa pauni moja, sasa ni pauni nne, nyama alikuwa anapika kila Ijumaa, sasa ni kwenye Idi, dawa ya sukari imepanda mara tatu. Mkate peke yake ndio unaokuja kwa idadi, mitano ni mitano, hata pauni ifanywe nini.

Akaniuliza, "Mwanangu, hiyo pesa watakayonipa, watanipa kwa bei ya mkate ya mwaka gani?"